Kupimisha Motokaa Ugenini

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyopigwa chapa hapa ndiyo yaliyosemwa katika redio. Soma polepole. Ukifika kwenye maswali ya mwisho, rudi nyuma utafute majibu katika somo lenyewe.

MWALIMU: Mwenye kitabu na akifungue, na mwenye penseli na aishike mkononi, kwa maana leo yako maneno machache ya kuandika.

Katika masomo yaliyopita tumesoma risiti ya duka, stakabadhi ya posta, na maandishi yaliyobandikwa juu ya chupa ya dawa. Leo tutasoma karatasi ya namna nyingine. Ni karatasi ya ukaguzi wa motokaa, tena si ya hapa kwetu, bali ni ya Uingereza.

Labda mtu atauliza, "Karatasi ya Uingereza yanihusu nini mimi?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni hili. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanakaa na kufanya kazi katika nchi ile. Wako wanaotunza wazee nyumba kwa nyumba, wako wauguzi wa zamu ya usiku, wako madereva wa teksi. Kazi hizo nyingi hazifanyiki pasipo motokaa. Anayetunza wazee hufika nyumba ya kwanza kabla ya saa moja ya asubuhi, wakati ambapo pengine basi la kwanza halijapita. Motokaa ikizuiwa, kazi imesimama. Kazi ikisimama, mshahara umesimama, na ile fedha inayotumwa nyumbani kila mwezi nayo haifiki. Basi huenda ada ya shule ya mtoto aliye hapa kwetu ikategemea karatasi moja iliyo kule.

Katika madarasa yetu wamo wenye watoto na ndugu kule, na wamo wanaojitayarisha kwenda. Somo hili ni lao kwanza. Lakini hata asiye na motokaa atapata faida, maana tutajifunza jambo linalofaa kila mahali: mtu asiridhike kusikia "umefaulu" au "umeshindwa". Asome kilichoandikwa.

Sehemu ya kwanza: Herufi tatu

Andikeni herufi tatu hizi, kubwa: M, O, T. Watu wa Uingereza hutamka kila herufi peke yake, "em-o-ti". Herufi hizo zilitokana na jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi ya zamani. Wizara hiyo siku hizi ina jina jingine, lakini zile herufi tatu zimebaki, na kila mtu huzijua. Mtu akisema, "Motokaa yangu haina MOT," maana yake motokaa yake haina cheti cha ukaguzi kinachofaa.

Desturi hiyo ilianzaje? Sheria iliyoruhusu ukaguzi ilipitishwa mwaka 1956. Ukaguzi wenyewe ulianza tarehe 12 Septemba 1960, wakati Ernest Marples alipokuwa waziri. Siku zile zilipimwa motokaa zilizotimiza miaka 10 au zaidi tu, na vitu vilivyotazamwa vilikuwa vitatu: breki, taa na usukani. Mara ilionekana kwamba motokaa nyingi mno zilikuwa mbovu. Kwa hiyo mwaka 1961 umri ulishushwa kutoka miaka 10 hadi 7, na mwaka 1967 ukashushwa hadi miaka 3. Mwaka 1968 matairi nayo yakaongezwa katika ukaguzi.

Mwaonaje, wasikilizaji? Serikali haikufanya hivyo kwa kupenda ada. Ilifanya hivyo kwa sababu walipotazama, waliona ubovu ambao hawakuutazamia. Mwenye motokaa huizoea motokaa yake. Breki hulegea kidogo kidogo, naye mguu wake hujifunza kukanyaga zaidi kidogo kidogo, wala hajui. Jicho la mtu mwingine ndilo linaloona.

Sehemu ya pili: Wakati, mahali na bei

Sasa sikilizeni taratibu zilivyo siku hizi katika England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake.

Motokaa ya kawaida hupimwa mara ya kwanza inapotimiza miaka 3 tangu ilipoandikishwa. Baada ya hapo hupimwa kila mwaka. Cheti ni cha miezi 12.

Ukaguzi hufanywa katika gereji za watu zilizopewa ruhusa na serikali. Gereji ya namna hiyo huweka kibao cha buluu chenye pembetatu tatu nyeupe. Asiyejua bado kusoma Kiingereza na atafute kibao hicho. Bei ya motokaa ya kawaida haiwezi kuzidi pauni 54 na peni 85. Gereji yaweza kutoza chini ya hapo, na nyingi hufanya hivyo ili kuvuta watu, lakini haina ruhusa kupita kiasi hicho.

Iko hesabu moja inayofaa kujulikana. Waweza kupimisha motokaa mwezi mmoja, kasoro siku moja, kabla ya cheti cha zamani kwisha, wala hupotezi siku zako. Tuchukue mfano. Cheti chako kinakwisha tarehe 10 Septemba. Waweza kwenda tangu tarehe 11 Agosti. Ukifaulu, cheti kipya kitakwenda mpaka tarehe 10 Septemba ya mwaka unaofuata.

Faida yake ni nini? Ukienda mapema na motokaa ikashindwa, una siku za kutafuta fedha na fundi. Ukingoja siku ya mwisho na motokaa ikashindwa, kesho yake huna ruhusa kwenda nayo kazini.

Anayeendesha motokaa isiyo na cheti aweza kutozwa faini mpaka pauni 1,000. Tena hawezi kulipa kodi ya barabara, na akipata ajali huenda akapata taabu kwa watu wa bima. Motokaa isiyo na cheti yaweza kuendeshwa kwa safari mbili tu: kwenda kupimwa mahali ulipokwisha kupanga siku na saa, au kwenda kutengenezwa. Hata hivyo, iwe katika hali ya kufaa kwenda barabarani. Safari ya sokoni haimo.

MAMA MMOJA WA DARASA: Mwalimu, na mtu akisahau tarehe?

MWALIMU: Ahsante, mama. Serikali ya kule huweza kumkumbusha mtu bure, kwa ujumbe wa simu, akijiandikisha. Lakini mimi napenda zaidi njia ya darasa letu: andika tarehe kwa mkono wako mwenyewe, ibandike ukutani, mahali unapopita kila siku. Aliyejifunza kuandika na atumie kalamu yake.

Sehemu ya tatu: Vitu vinavyotazamwa

Mpimaji hutazama vitu vingi, nasi tutavitaja vile vikubwa.

Kwanza, taa. Taa kubwa za mbele, taa za nyuma, taa za breki na indiketa. Ziwe zinawaka zote, na taa za mbele ziwe zinaelekea mahali pake. Taa ni miongoni mwa sababu kubwa za motokaa kushindwa, na mara nyingi ubovu ni globu moja tu iliyokufa.

Hapa wale wanaotoka upande wa Kongo, Burundi na Rwanda wasikilize vizuri. Katika nchi hizo motokaa hupita upande wa kulia. Ubelgiji na Ufaransa ni vivyo hivyo. Lakini Uingereza, kama Tanzania, Kenya na Uganda, motokaa hupita upande wa kushoto. Taa ya mbele ikiinamishwa hutupa mwangaza wake zaidi pembeni mwa barabara, ili isimpofushe anayekuja. Sasa mtu akileta motokaa yake kutoka Ubelgiji, taa zake hutupa mwangaza upande wa kulia, yaani machoni pa anayekuja. Motokaa hiyo haitafaulu mpaka taa zirekebishwe.

Pili, matairi. Mifereji ya tairi haina budi kuwa na kina cha milimita 1.6 au zaidi, katika robo tatu ya katikati ya upana wake, kulizunguka tairi lote. Tairi likiwa na kipara, mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kutoka chini yake. Hapo motokaa huteleza juu ya maji, na breki nzuri hazitafaa kitu. Faini ya tairi bovu hufika pauni 2,500 na alama 3 katika leseni, tena ni kwa kila tairi moja. Mwenye matairi mawili mabovu ahesabu mwenyewe.

Tatu, breki. Magurudumu huwekwa juu ya mitambo inayozunguka, na mashine huonyesha kila gurudumu linashika kwa nguvu gani. Breki ya mkono nayo hupimwa.

Nne, usukani, springi na shokapu.

Tano, chuma cha chini ya motokaa. Watu wa pwani wanajua jinsi chumvi ya bahari inavyokula mabati ya nyumba. Uingereza jambo hilo huletwa na barabara yenyewe. Wakati wa baridi kali, chumvi humwagwa barabarani ili barafu isishike. Chumvi hiyo hurukia chini ya motokaa, na kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki. Kutu ya juu ya rangi si neno. Kutu iliyokula chuma karibu na mahali panaposhika breki, springi au mikanda ya viti ndiyo hushindisha motokaa.

Sita, kioo cha mbele na waipa. Sehemu iliyo mbele ya macho ya dereva, yenye upana wa milimita 290, isiwe na ufa au alama inayozidi milimita 10. Mahali pengine panapopanguswa na waipa, kiasi ni milimita 40. Maji ya kuoshea kioo yawemo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kioo cha motokaa neno hilo ni kweli hasa: alama ndogo huzibwa kwa fedha kidogo, ikishapasuka hununuliwa kioo kizima.

Saba, mikanda ya viti, honi, vioo vya kutazamia nyuma, milango, na vibao vya namba. Vibao viwe safi, visomeke.

Nane, ekzosi na moshi. Motokaa hupimwa kwa mashine ili ijulikane inatoa hewa chafu kiasi gani.

Tisa, taa za onyo zilizo mbele ya dereva. Ikiwaka taa ya breki, au ya mifuko ya hewa inayomkinga mtu wakati wa ajali, na ikakataa kuzimika, motokaa itashindwa. Katika motokaa za miaka ya karibu, taa ya injini nayo ni hivyo hivyo.

Sehemu ya nne: Kujipima nyumbani

Kabla ya kwenda gereji, jipime mwenyewe jioni moja. Huhitaji spana wala jeki. Wahitaji mtu mmoja wa kukusaidia, kitambaa, maji, na sarafu moja ya peni 20.

Mmoja aketi mahali pa dereva, wa pili asimame nje. Aliye ndani awashe taa moja moja, akanyage breki, apige honi. Aliye nje aseme, "Inawaka," au, "Haiwaki." Asiyefanya hivi hawezi kujua kama taa zake za breki zinawaka, maana anapokanyaga breki, macho yake yako mbele.

Halafu chukua sarafu ya peni 20 uisimamishe ndani ya mfereji wa tairi. Sarafu hiyo ina ukingo unaoizunguka. Ukingo huo ukifichwa wote ndani ya mfereji, tairi aghalabu ni zima. Ukiuona ukingo, mwonyeshe fundi. Fanya hivyo mahali pengi pa kila tairi, si pamoja tu.

Vuta kila mkanda wa kiti, hata wa nyuma ambako hapakaliwi na mtu. Futa vibao vya namba. Tia maji ya kuoshea kioo. Toa mizigo ndani ya buti na juu ya viti, kwa maana mpimaji aweza kukataa kupima motokaa iliyo chafu mno au iliyojaa vitu. Hakikisha petroli imo ya kutosha.

Kazi hii yote haizidi nusu saa. Globu moja ni fedha kidogo. Lakini motokaa ikirudishwa kwa ajili ya globu, umepoteza asubuhi moja ya kazi, na asubuhi ya kazi si fedha kidogo.

Sehemu ya tano: Kuisoma karatasi

Sasa tumefika mahali penyewe. Mpimaji amemaliza, naye anakupa karatasi. Mtu asiyesoma humtazama mpimaji usoni: akicheka, basi ni heri, akitikisa kichwa, ni shari. Sisi tutazame karatasi.

Tafuta kwanza namba. Karatasi ya kufaulu huitwa VT20. Karatasi ya kushindwa huitwa VT30. Andikeni namba hizo mbili.

Halafu hakikisha mambo matatu: namba ya usajili ni ya motokaa yako, hesabu ya maili ni ile iliyo katika mita yako, tarehe ni sawa. Kosa likiwapo, liseme pale pale, lisahihishwe.

Sasa tafuteni maneno manne. Mpango huu wa maneno ulianza tarehe 20 Mei 2018. Nitayasoma kama yalivyoandikwa, nanyi mjifunze sura zake, hata kama Kiingereza hamkijui.

Neno la kwanza ni DANGEROUS. Maana yake ni hatari. Ubovu huu waweza kuua mtu sasa hivi. Motokaa imeshindwa, wala hairuhusiwi kuendeshwa, hata kama cheti cha zamani kina siku zake. Anayeiendesha aweza kutozwa faini mpaka pauni 2,500, kutiwa alama 3 katika leseni, na hata kuzuiwa kuendesha.

Neno la pili ni MAJOR. Maana yake ni ubovu mkubwa. Motokaa imeshindwa, haina budi kutengenezwa.

Neno la tatu ni MINOR. Maana yake ni ubovu mdogo. Motokaa imefaulu, lakini utengeneze upesi.

Neno la nne ni ADVISORY. Maana yake ni shauri. Kitu hiki si kibovu leo, ila kinaelekea huko. Motokaa imefaulu.

Wasikilizaji, hatari kubwa ya karatasi hii iko katika maneno mawili ya mwisho. Mtu akishindwa husoma kwa makini, kwa kuwa anatafuta njia ya kutoka katika taabu. Akifaulu huikunja karatasi, huitia mfukoni, naye haisomi tena. Kumbe katika karatasi ile ile ya kufaulu imeandikwa kwamba matairi ya mbele yamekaribia mwisho wake, au bomba la breki limeanza kushika kutu. Miezi 12 ni mingi. Tairi lililobakiwa na milimita 2 mwezi wa Machi laweza kuwa na kipara kabla ya mvua na baridi za mwisho wa mwaka. Shauri la karatasi ni deni ambalo siku yake ya kulipa haikuandikwa. Ukilijua, utalipa kidogo kidogo. Usipolijua, litakudai siku moja usiku barabarani.

Sehemu ya sita: Motokaa ikishindwa

Motokaa ikishindwa, usifadhaike. Soma orodha. Kisha ujue njia ulizo nazo.

Ukiiacha pale pale gerejini itengenezwe, na ikapimwa tena kabla ya siku 10 za kazi kupita, hulipi ada ya kupima mara ya pili. Utalipa matengenezo tu.

Ukitaka kuitengeneza kwingine, waweza kuichukua, ikiwa cheti cha zamani hakijakwisha na ikiwa neno DANGEROUS halimo. Ukiirudisha gereji ile ile kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha, viko vitu fulani, kama vile globu, ambavyo hutazamwa tena bure. Ukirudi ndani ya siku 10 za kazi, huenda ukalipa sehemu ya ada. Zikipita siku 10, utalipa ada nzima na kuanza upya.

MZEE MMOJA WA DARASA: Mwalimu, nina neno.

MWALIMU: Sema, mzee wangu.

MZEE: Yule anayepima ndiye huyo huyo anayetengeneza. Je, hataweza kusema kizima ni kibovu, ili apate kazi? Na kijana wetu ni mgeni, atajuaje?

MWALIMU: Mzee ameshika pale penyewe. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini tamaa iko kila nchi. Kwa hiyo sheria imempa mwenye motokaa ngao kadhaa.

Ngao ya kwanza: ubovu wote huandikwa, wala si maneno ya mdomo. Fundi akisema, "Breki zote zabadilishwe," mwombe akuonyeshe mstari ulioandikwa hivyo. Kama imeandikwa breki ya gurudumu moja, hukulazimika kununua za magurudumu manne.

Ngao ya pili: hulazimiki kutengeneza mahali ulipopima. Uliza bei kwa fundi wa pili.

Ngao ya tatu: waweza kutazama motokaa inapopimwa, mahali palipowekwa kwa watazamaji. Usimsumbue mpimaji kwa maneno, lakini macho yako yawepo.

Ngao ya nne: baadhi ya halmashauri za miji zina vituo vyao vya kupima, vinavyopokea hata motokaa za raia. Aghalabu vituo hivyo havitengenezi motokaa za watu, kwa hiyo havina faida kwa kukushindisha.

Ngao ya tano: waweza kukata rufani kwa wakala wa serikali anayesimamia ukaguzi, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi DVSA. Rufani ipelekwe kabla ya siku 14 za kazi kupita, nawe usitengeneze kitu mpaka motokaa itazamwe tena, maana ukitengeneza, ushahidi umekwisha. Utalipa ada tena. Ukishinda, utarudishiwa yote au sehemu yake.

MZEE: Lakini ngao zote hizo ni za mtu asomaye.

MWALIMU: Ndivyo, mzee. Ndiyo sababu tuko hapa.

Sehemu ya saba: Yasiyoandikwa katika cheti

MAMA: Mwalimu, mwanangu yuko kule. Alinunua motokaa kuukuu, akaambiwa cheti chake kina miezi minane. Mwezi wa pili giaboksi ikafa. Je, cheti kilikuwa cha uongo?

MWALIMU: Pole sana, mama. Huenda cheti kilikuwa cha kweli kabisa. Ukaguzi hauchunguzi hali ya injini, wala ya klachi, wala ya giaboksi. Kazi yake ni kutazama kama motokaa ni salama na haichafui hewa kupita kiasi. Tena mpimaji haruhusiwi kufungua vitu kwa spana ili atazame ndani. Tena, na hili mliandike: cheti husema hali ya siku ile moja tu. Hakisemi habari za kesho.

Kwa hiyo anayenunua motokaa kuukuu asitosheke na cheti. Afanye hivi. Achukue namba ya usajili, akatazame historia ya ukaguzi katika mtandao wa serikali ya Uingereza. Ni bure, na mtu yeyote huruhusiwa. Ataona kila mwaka motokaa ilifaulu au ilishindwa, kwa sababu gani, na mita yake ilikuwa na maili ngapi. Kama mwaka mmoja mita ilisema maili 90,000, na mwaka uliofuata ikasema maili 60,000, na aulize kwa nini, maana huenda mita imerudishwa nyuma. Kama shauri moja limeandikwa mwaka baada ya mwaka pasipo kutengenezwa, amejua pia tabia ya mwenye motokaa. Motokaa yaweza kuoshwa ikang'aa, lakini maandishi hayo hayaoshwi.

Kwa ufupi, yashikeni mambo manne. Jipime nyumbani kabla ya kwenda. Nenda mapema, si siku ya mwisho. Soma karatasi yote, hata ukifaulu. Na cheti kisikufanye uache kutazama matairi na breki zako siku zilizobaki za mwaka.

Wenye ndugu kule, barua yenu ya juma hili na iwe na swali moja: "Karatasi yako ya MOT imeandikwa mashauri gani?" Ndugu akijibu kwamba hajui, mwambieni aitoe mfukoni aisome.

Katika somo lijalo tutasoma mkataba wa kupanga nyumba. Kwa leo tunakoma hapa.

Maswali ya somo

1. Cheti kinakwisha tarehe 20 Juni. Mwenye motokaa aweza kuipimisha tangu tarehe gani bila kupoteza siku zake?

2. Andika namba ya karatasi ya kufaulu na namba ya karatasi ya kushindwa.

3. Katika yale maneno manne, ni neno lipi linalokataza motokaa kuendeshwa kabisa, hata kama cheti cha zamani hakijakwisha?

4. Kwa nini motokaa iliyotoka Ubelgiji yaweza kushindwa kwa ajili ya taa zake, hata kama zote zinawaka?

5. Taja vitu vitatu vya motokaa ambavyo ukaguzi hauvichunguzi.

6. Kazi ya kuandika: Mwandikie ndugu aliye ugenini barua fupi ya mistari sita. Mweleze kwa nini aliyefaulu naye hana budi kuisoma karatasi yake.